Pikapu ya kukokota karavani nzito: nusu tani, robo tatu au tani moja?

Muuzaji alikuwa ameshafungua boneti. Akanionyesha injini, akanitajia nguvu za farasi, kisha akamalizia na maneno ambayo kila anayetafuta pikapu ya kuvutia trela lazima ayasikie: "Hii inavuta tani tano na ushee, bwana. Karavani yako itaiona kama mkokoteni." Nikazunguka upande wa dereva, nikafungua mlango, nikainama kwenye nguzo ambako mlango unajifungia. Pale kuna kibandiko cheupe chenye mstari wa njano, kipana kama kiganja. Kinataja saizi ya matairi na upepo wake, na katikati kina maneno machache tu: uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kilo kadhaa. Cha gari lile kilisema kilo 671.

Karavani (nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na gari) niliyokuwa nimeshaitolea malipo ya awali ingekandamiza nyuma ya gari kwa kilo zisizopungua 500. Zilizobaki, 171, mimi na mke wangu tungezimaliza kwa kukaa tu kwenye viti. Watoto je? Na jenereta? Muuzaji akanyamaza kidogo, halafu akarudi kwenye injini.

Sikulinunua. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue pikapu gani ya kuvutia karavani kubwa, mimi namuuliza kwanza karavani yenyewe ina uzito gani, na ameshasoma kibandiko cha mlango wa gari lipi.

Kuvuta na kubeba

Gari lile lisingeshindwa kuvuta. Lingeiondoa karavani pale iliposimama na kuipandisha mlima bila taabu kubwa. Ambacho lisingekiweza ni kubeba, na matangazo hutaja kuvuta tu. Kuvuta ni kazi ya injini, giaboksi na difu. Kubeba ni kazi ya springi, ekseli, rimu, matairi na chesisi. Ukishaunganisha trela, sehemu ya uzito wake huhamia mgongoni mwa pikapu, na hiyo huhesabiwa kama mzigo sawasawa na magunia uliyoyapakia bodini kwa mikono yako.

Kiasi gani? Inategemea trela linaungwaje. Kuna trela linaloungwa kwenye tufe la chuma nyuma ya bampa; hili nitaliita trela la tufe. Huweka kwenye gari asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Na kuna lile linaloungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma, kwa kingpini (pini nene ya chuma) na sahani kama semi-trela. Hili nitaliita trela la kingpini. Lenyewe huweka asilimia 15 hadi 25, na kwa karavani nyingi hesabu salama ni 20. Usijaribu kupunguza uzito huo kwa kurudisha mizigo nyuma ya karavani ili pikapu ipumzike. Trela la tufe lenye pua nyepesi hupiga mkia barabarani, na likishaanza kupiga mkia ndipo utajua kati yake na wewe ni nani anayeendesha.

Tarakimu ya "inavuta tani tano" si ya uongo. Kwa pikapu za Marekani inatokana na SAE J2807, kipimo cha pamoja cha wahandisi wa magari, ambacho Toyota ilikuwa ya kwanza kukifuata kwa Tundra ya 2011, na wengine wakajiunga miaka michache baadaye. Kipimo chenyewe ni kikali. Gari linatakiwa kupanda mlima wa Davis Dam kwenye barabara namba 68 ya Arizona, mwinuko wa kilomita 18 hivi, joto likiwa nyuzi 38 au zaidi, kiyoyozi kimefunguliwa mwisho, na kasi isishuke chini ya kilomita 64 kwa saa (56 kwa zile za matairi sita). Lakini ndani ya gari hilo wanahesabiwa watu wawili tu, kila mmoja kilo 68, na kwa trela la tufe uzito unaokalia gari huwekwa asilimia 10, kiwango cha chini kabisa. Familia yako haifanani na hesabu hiyo. Yangu hata haikaribii.

Madaraja ubavu kwa ubavu

Majina yasikuchanganye. "Nusu tani", "robo tatu" na "tani moja" ni majina ya zamani ya uwezo wa kubeba, na siku hizi yamebaki majina tu: nusu tani ya leo hubeba zaidi ya nusu tani. Namba za mistari miwili ya kwanza hapa chini ni za kawaida kwa pikapu za milango minne. Mistari miwili ya mwisho ni hukumu yangu, kwa trela lililopakiwa tayari kwa safari.

| | Nusu tani | Robo tatu | Tani moja, matairi manne | Tani moja, matairi sita |
|---|---|---|---|---|
| Mfano | Ford F-150, Ram 1500, Silverado 1500 | F-250, Ram 2500, Silverado 2500HD | F-350, Ram 3500, Silverado 3500HD | zilezile, nyuma tairi mapacha |
| Uzito wa juu wa gari na vyote vilivyomo (kilo) | 3,000–3,400 | karibu 4,500, baadhi zaidi | 5,000–5,500 | karibu 6,350 |
| Uwezo wa kubeba (kilo) | 600–900 | 900–1,700 | 1,500–2,000 | 2,200–3,000 |
| Trela la tufe | hadi 3,000 | hadi 5,000 | hadi 6,000 | hadi 6,000, kwa utulivu zaidi |
| Trela la kingpini | hapana | dogo, hadi 4,500, injini ya petroli | hadi 6,500 | hadi 9,000 |

Angalia ukubwa wa pengo kwenye mstari wa kubeba kwa robo tatu, 900 hadi 1,700. Pengo hilo lina kisa chake, nitakifikia.

Nusu tani: nguvu tele, mgongo mwembamba

Hizi ndizo zinazouzwa kwa wingi na ndizo zinazowaponza watu. F-150 ya 2024, ikiwa na injini na vifaa vinavyofaa, ilitangazwa kuvuta hadi pauni 13,500, yaani kilo 6,120 hivi. Ukilisoma tangazo hilo utadhani hakuna haja ya gari kubwa zaidi. Sasa chukua karavani ya tufe ya kilo 4,000, ambayo kwa tarakimu hiyo ingekuwa mchezo. Asilimia 13 ya uzito wake ni kilo 520. Kiungo cha kugawa uzito, zile nondo mbili zinazosaidia kurudisha sehemu ya mzigo kwenye ekseli ya mbele, ni kama kilo 45. Watu wanne, 300. Vyombo, maji ya kunywa, baiskeli na zana bodini, 100. Jumla 965. Pikapu inayobeba 750 imeshapitwa kwa zaidi ya kilo 200 na bado hujamfikiria mbwa.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba toleo la kifahari hubeba kidogo kuliko toleo la kawaida. Paa la kioo, viti vya ngozi vyenye mota, rimu kubwa, ngazi za umeme, vyote ni uzito unaokatwa kwenye kilo zako. Pikapu mbili za jina moja, rangi moja, zilizosimama bega kwa bega kwenye yadi zinaweza kupishana kilo 200 za kubeba. Ndiyo maana sitaji namba moja kwa kila gari. Namba yako iko mlangoni mwa gari lako.

Na hata kilo zikikubali, bado kuna wepesi wa gari lenyewe. Niliwahi kuazima nusu tani kuvuta karavani ya mita tisa. Kwenye barabara tambarare, mwendo wa 90, lori kubwa likaja kunipita. Kwanza karavani ilivutwa kuelekea lori, kidogo tu, kama mtu aliyeshikwa shati. Kichwa cha lori kilipopita, upepo ukaisukuma upande wa pili. Usukani ukawa mwepesi mikononi, na kwenye kioo nikaona kona ya karavani ikitokea kushoto, ikapotea, ikatokea kulia. Mguu wangu ulitaka kukanyaga breki. Hilo ndilo kosa. Nikaachia mafuta taratibu, nikashika usukani bila kupigana nao, na kwa kidole nikasukuma kitufe cha kidhibiti cha breki za trela ili karavani peke yake ivutwe nyuma. Ikanyooka. Nilisimama pembeni dakika kumi nzima kabla mikono haijatulia. Pikapu yenye uzito zaidi, matairi ya kuta ngumu na umbali mrefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ingetikisika pia, ila lile lori lingepita na tungeendelea na mazungumzo.

Kwa trela la hadi tani tatu likiwa limepakiwa, nusu tani yenye vifaa vya kuvutia ni chaguo zuri, tena ni tamu kuendesha siku ambazo huvuti kitu. Zaidi ya hapo mimi sishauri, hata kibandiko kikiruhusu kwa kubanabana.

Robo tatu, na kisa cha pauni 10,000

Robo tatu ni gari jingine kabisa chini ya bodi. Chesisi nene, ekseli ya nyuma kubwa, breki kubwa, matairi ya kubeba mzigo, rejeta na mfumo wa kupoza giaboksi uliotengenezwa kwa kazi. Ukilikanyaga bila mzigo linaruka kwenye mashimo, na abiria wa nyuma watakuambia. Ukiliunganisha na karavani linatulia kana kwamba ndiyo kwanza limepata kazi yake.

Sasa lile pengo. Marekani hupanga magari ya mizigo kwa madaraja ya uzito, na daraja la pili huishia pauni 10,000, sawa na kilo 4,536. Ukivuka hapo umeingia daraja la tatu, linaloishia pauni 14,000. Watengenezaji wengi huzipa robo tatu zao uzito wa juu wa pauni 10,000 hasa ili zisivuke mstari huo, hata kama springi na ekseli zingeweza zaidi. Matokeo yake ni ya ajabu. Uwezo wa kubeba ni uzito wa juu ukitoa uzito wa gari tupu. Injini ya dizeli ina uzito mkubwa kuliko ya petroli, mamia ya pauni. Weka dizeli kwenye robo tatu yenye dari ya pauni 10,000 na umekula kilo za kubeba kwa injini yako mwenyewe. Utakuta robo tatu ya dizeli ya kifahari inabeba kilo 900 na kidogo, wakati dada yake ya petroli, toleo la kawaida, inabeba 1,500.

Ndiyo maana watu huikosea robo tatu ya dizeli. Ina nguvu ya kuvuta trela la kingpini la tani saba, na mgongo wa kubeba la tani tatu. Kama unaitaka dizeli kwa ajili ya kingpini, ruka daraja hili. Mara nyingi tani moja ya matairi manne ni gari lilelile lenye springi za nyuma nene zaidi na karatasi inayoruhusu zaidi, na tofauti ya uendeshaji ni ndogo kiasi kwamba ukifungwa macho usingeitambua.

Robo tatu ya petroli, kwa upande mwingine, ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi wenye karavani ya tufe ya tani tatu na nusu hadi tano. Ile hesabu ya kilo 965 inaingia humo na nafasi inabaki.

Tani moja, na suala la tairi mapacha

Tuchukue karavani ya kingpini ambayo uzito wake wa juu ni kilo 6,350, ya kawaida kabisa kwa familia inayotaka kuishi barabarani miezi kadhaa. Asilimia 20 ni kilo 1,270. Sahani ya kuungia ni 80. Watu wanne na vitu vyao vidogo, 380. Jumla 1,730. Tani moja ya matairi manne ikiwa na petroli au dizeli ya toleo la kawaida inafika, kwa kubana. Ya matairi sita inabeba na kubakiza.

Uzuri wa tairi mapacha si kilo tu. Nyuma ya gari inakuwa pana, karibu mita 2.4 kutoka ukingo hadi ukingo, na upepo wa ubavuni unakuwa jambo la kusikia, si la kupigana nalo. Tairi moja la nyuma likipasuka, pacha wake anakushikilia mpaka usimame. Nimeona tairi la nyuma la pikapu ya matairi manne lililopasuka na kingpini mgongoni. Dereva alikuwa mzima ila hakutaka kuzungumza.

Ubaya wake utaukuta kila siku ambayo huvuti. Kuegesha ni shida. Njia nyembamba ni shida. Njia ya kulipia ushuru wa barabara au ya kuoshea gari yenye kingo za zege itakukumbusha upana wako kwa mkwaruzo. Ikiwa tupu kwenye majani mabichi au tope, matairi manne ya nyuma yanagawana uzito mdogo na kuteleza upesi kuliko mawili. Na siku ya kubadilisha matairi unanunua sita. Kwa mtu anayevuta mara nne kwa mwaka na siku nyingine anapeleka watoto shule kwa gari hilohilo, ningefikiri mara mbili, kisha ningetafuta karavani ndogo zaidi.

Petroli au dizeli

Hapa ndipo watu hugombana, na nadhani ugomvi unatokana na kulinganisha injini bila kulinganisha safari. Toki ya dizeli, yaani nguvu yake ya kuzungusha, haina mshindani. Power Stroke ya Ford ya lita 6.7, toleo la nguvu zaidi, hutoa pauni-futi 1,200 (kama Nm 1,627) kwa mizunguko 1,600 tu kwa dakika. Cummins ya lita 6.7, silinda sita kwenye mstari mmoja, imefika 1,075 kwenye Ram 3500. V8 ya petroli ya Ford ya lita 7.3 iko chini ya 500, tena inaipata karibu na mizunguko 4,000. Kwa maneno ya dereva: kwenye mlima dizeli inanguruma chini na kupanda, petroli inashuka gia mbili na kupiga kelele, na zote mbili zinafika juu. Kelele si ugonjwa. Injini ya petroli imetengenezwa kuzunguka hivyo, na wengi huiachia mafuta kwa kuihurumia wakati yenyewe haina tatizo lolote.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari unabadilisha mambo. Injini isiyo na tabo (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwenye mita 2,000 umeshaacha kama sehemu moja ya tano ya nguvu zako chini. Injini yenye tabo, iwe dizeli au petroli, hupoteza kidogo sana. Kama safari zako ni za milimani, hoja ya dizeli inapata uzito.

Lakini kwangu faida kubwa ya dizeli ni kushuka, si kupanda. Breki ya ekzosi hubana njia ya moshi kupitia tabo na injini inageuka kuwa nanga. Unaweka kasi unayoitaka, unatoa mguu, na gari linashuka mteremko mrefu na tani saba nyuma bila kugusa breki kila kona. Mwenye petroli hushuka kwa gia ya chini na kugusa breki kwa vipindi, aikanyage kwa nguvu, aiachie ipoe, aikanyage tena. Inawezekana, na wengi wanafanya, ila inataka dereva aliye macho.

Sasa gharama za kuishi nayo. Dizeli ya kisasa inakunywa AdBlue, kimiminika cha kusafishia moshi. Ina kichujio cha masizi kinachohitaji safari ndefu zenye joto ili kijisafishe. Ukiitumia kwa safari fupi za mjini kitaziba na taa itawaka. Pampu yake ya shinikizo kubwa haitaki maji kwenye mafuta hata kidogo, na ikifa hupeleka vipande vya chuma mpaka kwenye nozeli. Oili ni lita 11 hadi 12 kwa mara moja, dhidi ya chini ya lita 8 kwa ile V8 ya lita 7.3. Ukivuta, petroli itakunywa lita 23 hadi 29 kwa kilomita 100, dizeli 18 hadi 23. Akiba hiyo inaonekana kubwa mpaka uhesabu umbali unaovuta kwa mwaka mzima.

Kipimo changu ni hiki: trela la kingpini la zaidi ya tani tano, au milima kila safari, au umbali mrefu mwaka mzima, chukua dizeli. La tufe, safari chache kwa mwaka, gari linalolala nyumbani wiki nzima, chukua petroli na utumie kilo ulizookoa kubeba watu wako.

Mengine, kwa haraka

Uwiano wa difu (shafti inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa gurudumu) huulizwa na wachache na una maana kubwa. Pikapu yenye 3.31 na yenye 4.10 zinaweza kuwa na injini moja na zikatangazwa uzito tofauti kabisa wa kuvuta. Kwa petroli nataka 3.73 au zaidi. Kwa dizeli 3.55 hutosha wengi.

Kwa kingpini, pima bodi. Ndefu ya mita 2.4 inakuruhusu kukata kona kali bila kona ya karavani kugonga kioo cha nyuma cha kabini. Fupi, ya mita 1.9 hadi 2, inaweza, ila mara nyingi itahitaji sahani inayoteleza nyuma unapoegesha, na siku utakayosahau kuitelezesha utaijua kwa sauti ya kioo.

Mifuko ya hewa na springi za nyongeza hunyanyua makalio ya gari na kulifanya lisimame vizuri. Haziongezi hata kilo moja kwenye kibandiko, kwa sababu ekseli, rimu na breki ni zilezile. Fundi atakayekuambia vinginevyo anauza springi.

Pikapu za umeme zinavuta vizuri ajabu, toki iko tangu mguu unapogusa pedali. F-150 Lightning iliruhusiwa hadi pauni 10,000. Ila ukiiwekea karavani refu lenye kifua kipana, masafa hushuka karibu nusu, na vituo vingi vya kuchaji vimepangwa kwa gari lisilo na trela. Utalifungua trela kila unapochaji. Kwa leo, mimi hapana.

Na pikapu za ukubwa wa Hilux, Ranger na D-Max? Kwenye masoko mengi matoleo yake yenye nguvu yanaruhusiwa kuvuta kilo 3,500 za trela lenye breki. Tarakimu hiyo ni dari. Soma pia uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja: mara nyingi ukijaza pikapu hadi mwisho wake, trela lazima lipungue kwa mamia ya kilo. Kwa karavani ya tani mbili na nusu ni gari zuri. Ya tani tatu na nusu inazidi gari lenyewe uzito, na mkia ukizidi mwili wenye tabu ni mwili.

Hesabu ya kwenda nayo yadi

Usitumie uzito wa karavani tupu ulioandikwa kwenye kipeperushi. Huo ni wa siku iliyotoka kiwandani, kabla ya betri, mitungi ya gesi, kiyoyozi cha pili na maji. Lita 200 za maji ni kilo 200, na hapo hujaweka sahani hata moja kabatini. Tumia uzito wa juu kabisa ulioandikwa kwenye bamba la trela. Zidisha kwa 0.13 kama ni la tufe, kwa 0.20 kama ni la kingpini. Ongeza kiungo, ongeza kila atakayepanda kwa uzito wake wa kweli (hapa watu hudanganya, mimi nikiwemo), ongeza vya bodini. Namba hiyo ikiwa chini ya ile ya mlangoni kwa angalau asilimia 10, endelea kuzungumza na muuzaji. Ikilingana nayo, tafuta gari jingine.

Kama unanunua pikapu iliyotumika na karavani tayari unayo, omba jambo moja la ziada: iunganishe, jaza tangi, panda na familia, na mwende kwenye mizani ya malori kabla hujatia saini. Pima ekseli ya mbele, ya nyuma na za trela kila moja peke yake, kisha fungua trela pembeni na urudi upime pikapu peke yake. Inachukua nusu saa. Mwenye gari akikataa, mwulize amewahi kuvuta nini na gari hilo, na uangalie kama springi za nyuma bado zimepinda kama upinde au zimeshanyooka kama rula.